Nani anampima?

Maneno ya wifi bado hayajanitoka. Wiki hii tumemzika babu kule Pongwe na uhamisho wa Baba Kipusa umetoka hatimaye, lakini kinachonirudia usiku ni wifi pale mkekani ninapomfundishia mwanangu Kipusa, kashika kizibo cha soda kwa vidole viwili.

"Wifi, na umri huu bado anachezea vizibo?"

"Anahesabu."

"Kuhesabu si kuna vitabu? Mwenzio kamnunulia mwanawe mtaala mzima wa Marekani, laki nne na nusu. Huyu wenu nani anampima?"

Nikamwongezea chai. Tangu hapo namjibu kichwani nikifua, nikipika, nikipanga foleni benki.

Laki nne na nusu inaniuma kuliko vizibo. Muhtasari wa Elimu ya Awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ule wa mtaala wa 2023, unapatikana bure, na vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao yao, unasoma kwa bando lako tu. Huo muhtasari ndio uti wa mgongo. Una safu za umahiri (yaani kile mtoto anachotakiwa aweze kukifanya), shughuli za kujifunza na vigezo vya upimaji. Chukua daftari, nakili umahiri mmoja juu ya ukurasa, chini yake andika shughuli utakazofanya wiki hiyo na vitu utakavyotumia. Usihamie ukurasa mwingine mpaka kigezo kitimie. Wazazi wengi wanaokwama hawakukosa vifaa, wanavyo kupita kiasi: simu imejaa PDF za kila aina, Jumatatu mtoto anaanza herufi upya kutoka kitabu kingine, na hakuna anayejua jana aliishia wapi.

Hata mitaala na masomo ya Marekani yapo ya bure. Shirika la Core Knowledge wanaruhusu kupakua masomo yao kuanzia awali, na Khan Academy Kids, programu ya simu ya watoto, haina malipo wala matangazo. Kwa Kiingereza zinafaa sana. Kwa hesabu, ruka kurasa za sarafu zao na inchi, utumie shilingi na sentimita. Kwa kusoma, usianze nazo kama mtoto anaongea Kiswahili nyumbani. Herufi a ya Kiswahili ina sauti moja popote ilipo, ya Kiingereza inabadilika neno kwa neno, na mtoto akichanganyiwa mapema anaanza kubahatisha badala ya kusoma.

Sasa vizibo. Wifi angekaa dakika kumi tu angeona. Vinatosha 20, vilivyooshwa na kingo zake kugongwa zilale ndani. Trei ya mayai ina mashimo 30, matano kwa sita. Ikate vipande vitatu vya safu mbili mbili, kila kimoja kina mashimo kumi. Mtoto anahesabu kwa kuhamisha kizibo kutoka kwenye rundo kwenda shimoni. Lazima ahamishe. Akinyoosha kidole tu, mdomo unatangulia mkono, kizibo kimoja kinahesabiwa mara mbili na kingine kinarukwa. Akifika saba, vifunike kwa bakuli umuulize viko vingapi. Anayetaka kufunua aanze tena "moja, mbili" anajua wimbo wa namba, bado hajajua kuwa ile ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Hapo usiende kwenye kujumlisha, hata kama anaimba mpaka mia. Akilipata hilo, vitawanye mkekani uulize kama vimeongezeka. Kipande kimoja cha trei kikijaa na vitatu vikabaki nje, kumi na tatu ataiona kwa macho, na makumi na mamoja yatakuwa yameshaanza. Kwa hilo huhitaji mtaala wa laki nne na nusu.

Silabi nazo ni karatasi tatu. Chukua karatasi ngumu za A4, kila moja ikunje katikati mara nne, utapata vipande 16, jumla 48. Irabu tano, kisha m, b, k, l, t, n, s, d kila moja na irabu zake tano: 45. Vitatu vinavyobaki andika ma, ba na ka za ziada, vinginevyo mtoto hawezi kuunda mama, baba wala kaka. Tamka sauti ya herufi, siyo jina lake. Na usizipange ba-be-bi-bo-bu kila siku, kwa sababu ataimba bila kutazama. Zichanganye, umuombe sa, halafu ma, halafu ki. Mb, nd, ny na ng' zisubiri mpaka hizi ziwe nyepesi.

Hadithi ziko African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya watoto, bure, za Kiswahili zipo nyingi, zimepangwa kuanzia maneno ya kwanza hadi aya ndefu. Zipakue nyumbani, uchapishe chache kwa mara moja. Zisome mwenyewe kwanza, maana tafsiri nyingine zina sentensi ngumu kuliko kiwango kilichoandikwa.

Nimeandika yote haya kwa hasira, nikasimama hapo kwenye hadithi. Nikairudia sauti ya wifi. Vizibo alivisema kwa nguvu, watu wasikie. "Nani anampima" aliisema chini, akitazama kikombe. Mtoto wake wa kwanza alifika darasa la tatu hajui kusoma na hakuna aliyemwambia, ripoti zilikuwa nzuri tu. Sikulifikiria hilo pale mkekani. Alikuwa anaogopa kwa niaba yetu.

Basi ajibiwe inavyostahili. Kupima kunafanyika mwisho wa mwezi, mtoto na mtu mzima mmoja, kwa maandishi ambayo hajawahi kuyaona, kwa sababu kile kitabu anachokipenda ameshakikariri. Watu wa Uwezo, utafiti wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, walipima hivyo nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, na ngazi zao unaweza kuziiga: silabi, maneno, aya, mwisho kabisa hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa wa awali ziandike silabi kumi zilizochanganywa na maneno matano. Akishindwa ngazi, simama hapo, andika tarehe na kilichomshinda, bila kumsahihisha wakati huo. Akisoma hadithi, muulize swali moja la kilichotokea, kwani wapo wanaosoma safi bila kuelewa. Na apimwe na mtu asiyemfundisha. Sisi tunaofundisha tunamsaidia kwa macho bila kujijua.

Nitamwomba wifi awe yeye. Jumamosi aje, nimpe daftari na ukurasa asioujua Kipusa.

Mama kapiga simu jioni, miguu imevimba tena. Kliniki ya presha ni Alhamisi, na dawa anazokunywa sasa zilibadilishwa bila mtu kumweleza za zamani aache au aendelee nazo. Baba Kipusa akishaondoka, sijui nani atakuwa anampeleka.