Mwezi wa Tatu Nasubiri Jembe

Sato alikuwa mtamu. Nianze hapo, mtu asije akasema nimerudi na madharau ya Uarabuni. Alichemshwa kama kwetu anavyochemshwa: nyanya, kitunguu, ndimu, chumvi, na pilipili moja nzima ikielea juu bila kupasuka. Ugali ulikuwa wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na mtama kidogo, ule mweusi unaovutika. Nikakata tonge, nikachovya, nikafumba macho. Nikasema, "Mama, mkono wako haujazeeka."

Mama akacheka. Sebule nzima ikacheka. Kaka akasema, "Mama hajashika mwiko tangu mwaka juzi. Amepika dada."

Dada mwenyewe, binti wa kazi wa miaka 19, alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, macho chini, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha watu.

Nimekaa Muscat miaka 11, kuanzia 2014 mpaka Agosti ya 2025, nyumba moja ya mwajiri, jiko moja. Kila Ijumaa napiga simu nyumbani Kitangiri, Mwanza, na swali langu la kwanza baada ya shikamoo ni lile lile: mmekula nini? Mama anajibu, "Nimepika furu." "Nimepika nsansa za karanga," yale majani makavu ya kunde. Nimepika, nimepika. Nami nimekaa kwenye kitanda changu cha futi mbili na nusu, chumba kimepakana na mashine za kufulia, naonja kwa masikio. Furu wa mama! Wale samaki wadogo ambao sangara aliwafagia ziwani sisi tukiwa watoto, kisha wachache wakarudi, na kila akipata fungu lao ananiambia kama anayetangaza harusi. Kumbe miaka miwili ya mwisho nilikuwa namtamani mpishi ambaye simjui hata jina.

Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia. Akanitazama kama swali ni la kitoto. "Ningekwambia nini? Kimepikwa, tumekula."

Magoti yake yamekwisha, hilo nilikuwa nalijua, dawa si natuma mimi. Nisichokijua ni jinsi alivyomfundisha yule binti. Anawekewa kigoda karibu na moto, anaamuru: ongeza unga, acha kwanza, geuza, hapo hapo, epua. Miaka miwili. Mimi mwanawe wa kumzaa nilifundishwa kwa vibao vya mgongo, nikaondoka kabla sijahitimu. Mwenzangu kafundishwa kwa maneno na kahitimu. Anajua mama anataka mlenda mzito kiasi gani. Anajua kwamba akianza kuimba nyimbo za kanisani huku chai haijafika, ni njaa. Mimi nilidhani ni furaha.

Wiki ya pili nikatangaza kwamba leo napika mimi. Hapa lazima niwaeleze mahali nilipokuwa. Bibi wa ile nyumba alizaliwa Unguja, akaondoka mtoto baada ya 1964, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Alinipokea nikijua kuchemsha tu, akanifundisha papa wa nazi, pweza wa nazi, mikate ya kumimina, boko boko la ngano na nyama, la kusonga mpaka bega linalia. Miaka 11 sijapika samaki bila tui. Basi nikafungua makopo ya tui niliyobeba kwenye sanduku, nikatia bizari, nikatia ndimu, nikamlaza sato wa kilo na robo niliyemnunua mwenyewe mwaloni, kwenye soko la samaki, kwa bei ambayo sitaki kuirudia. Nyumba ikanukia. Nikajiona.

Mama akala matonge mawili. Akanawa. Akauliza kwa upole kabisa, "Mayu, huyu samaki umempaka mafuta ya nywele?"

Na ugali ulikuwa na madonge. Niseme tu yote. Nimesonga boko boko la watu thelathini sikukuu ya Idi, lakini udaga ulinishinda. Ulishika mwiko nami nikashika mwiko, na udaga ndio ulioshinda. Dada akaja nyuma yangu bila kuitwa, akasema, "Anti, niachie." Akaugeuza mara nne, tano, ukatulia kama mtoto aliyeona mama yake.

Tangu siku hiyo jikoni sikanyagi. Nikiinuka, "Anti, kaa tu." Nikishika kisu, "Anti, utajikata." Nikichukua ndoo, kaka anaitwa kunipokea. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakufika kwetu. Mimi huu ni mwezi wa tatu, jembe silioni.

Tena jiko lenyewe si lile nililojenga. Mnaojenga kwa simu mnanielewa. Nilituma hela ya vigae, ya sinki la bomba mbili, ya makabati. Nikatumiwa picha, nikawaonyesha wenzangu, tukapiga vigelegele chumbani. Nimefika nimekuta kwenye lile jiko kuna baiskeli ya kaka, magunia mawili ya mpunga, na kuku ameatamia ndani ya kabati la chini. Moto uko nje, kwenye kibanda cha bati nyuma ya jabali, palepale ulipokuwa nikiwa na miaka sita. Mtungi wa gesi wa kilo 6 upo, unachemsha chai ya asubuhi. Cha kuiva kwa muda kinakwenda kwenye mkaa, na ugali hata ukiwa wa watu wawili ni mkaa, kwa sababu kwa mama gesi haina harufu, na ugali usiopata harufu ya moto ni uji mgumu. Mkaa umepanda bei, yeye anajua, hesabu anazo. Habadiliki.

Sufuria ya presha niliyoibeba kutoka Muscat kama yai inahifadhi michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Ile mashine ya kukaanga kwa hewa iliunguza fyuzi siku ya kwanza, ikafunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake imekaa picha ya kipaimara. Kwa hiyo ukirudi usibebe vyombo, dada yangu. Beba fedha taslimu na dawa ya kuchua magoti.

Na usiombe mapanki. Nilikuwa nayaota kule: yale mafupa ya sangara yaliyobaki viwandani minofu ikishaondoka kwenda Ulaya, yakikaangwa mpaka mapezi yanalia kama karatasi. Ndiyo yaliyotukuza. Nilipoyataja mezani mama aliweka kijiko chini. "Umekaa miaka 11 ukanijengea nyumba ili uje ule mapanki?" Aliona namtukana. Mwaloni wenyewe ukitaja sangara siku hizi utasikia bondo kabla ya nyama, kile kifuko cha hewa kinachosafirishwa China, na mchuuzi akikitaja anashusha sauti kama anazungumzia mahari.

Kuna jambo lingine, na hili nimelizunguka tangu nianze kuandika. Wiki ya tatu noti yangu ya elfu 10 haikuonekana. Neno la kwanza kunitoka, kabla sijafikiri, nikiwa bado na taulo kichwani: "Dada ameingia chumbani kwangu?" Hata lafudhi haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi wa Muscat, ya siku ile pete yake ilipopotea, siku nilipovuliwa mpaka soksi, na pete ikaja kuonekana ndani ya unga. Noti yangu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni nililokuwa nimelianika. Binti alikuwa anafagia uani, alisikia, akaendelea kufagia. Hakuna aliyesema kitu. Mimi pia sikusema, na mpaka leo sijasema.

Halafu nikagundua la chumba. Chumba "changu" alikuwa analala yeye. Nilipokaribia kurudi akahamishiwa kwenye godoro chini, chumbani kwa mama. Na sahani: kabla sijaja, yeye na mama walikuwa wanakula sinia moja. Aliyenidokeza ni mtoto wa jirani. Nilipofika mimi ndipo binti akaanza kula jikoni peke yake baada ya wote, kwa sababu kuna mgeni. Nimemwita mezani mara nyingi. "Nimeshiba, anti." Nilikuwa naijua hiyo shibe. Nimeishiba miaka 11.

Nikauliza mshahara. Mama akasema 50,000. Nikasema amri ya mishahara ya 2022 iliweka 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri, na hicho ndicho kilikuwa kima cha chini. (Haya tulikuwa tunayajadili sana chumbani, sisi tulioondoka, tukiwahukumu waajiri wa dunia nzima.) Mama akasema, "Na pasipoti yako kule nani alikaa nayo?" Nikanyamaza. Siku hizi elfu 10 inayopungua naitoa mimi. Binti anapokea kwa mikono miwili, anapiga goti, uso hauna habari. Mwisho wa mwezi uliopita alikwenda kwao Sengerema asubuhi akarudi jioni ile ile, kwa lile daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni, wiki chache kabla sijafika. Enzi zetu kivuko tu kilikuwa kinakula nusu siku. Alirudi na matobolwa, vile viazi vya kuchemsha kisha kukausha, akampa mama. Mama akanimegea mimi.

Usiku nakaa juu ya jabali nyuma ya kibanda naangalia ziwa. Mnaokumbuka karabai, ule mji wa manjano uliokuwa unawaka juu ya maji kila kukiwa na giza la mwezi, mjue kwamba wavuvi wa dagaa sasa wana taa nyeupe za betri. Kama hospitali. Hapo ndipo ujumbe wa sauti uliponikuta wiki iliyopita, kutoka Muscat. Mjukuu wa ile nyumba, nilimkuta ana miaka mitatu, sasa ana 14 na sauti imevunjika. Anasema aliyekuja baada yangu hawezi papa wa nazi, eti anakuwa mchungu. "Yaya, ndimu unatia kabla ya tui au baada?" Nikamwelekeza polepole, tui la pili kwanza, kisha ndimu, tui zito mwisho, usiache kukoroga lisikatike. Akajibu "wabeja," yaani asante, neno la kwetu alilolishika kwangu akiwa mdogo, ambalo bibi yake hakuwahi kujua limetoka wapi.

Nilipogeuka binti alikuwa nyuma yangu na ndoo ya majivu. Sijui alisimama tangu lini. Hakuuliza kitu.

Jana mbalamwezi ilikuwa kubwa, dagaa hakuna, kaka akaleta sato tisa. Nilikuwa nimekaa kibarazani na simu. Binti akaja na beseni, akaliweka miguuni pangu, na kisu juu yake.

"Bibi amesema upare," akasema. "Mimi nina nguo za kufua."

Nilipara tisa wote. Asubuhi hii nachana nywele, magamba yanadondoka.