Usisubiri wekundu: vidonda vya kulala kwa wazee wetu

Vitabu vingi vya uuguzi husema dalili ya kwanza ya kidonda cha kulala, yaani kidonda kinachotokana na kulalia au kukalia sehemu moja kwa muda mrefu, ni ngozi kuwa nyekundu. Kwa wazee wengi walio kwenye nyumba za wazee hapa Nairobi, ngozi nyeusi huficha wekundu huo. Ukiungoja, utakachoona kwanza ni lengelenge au mchubuko, na huko chini nyama imeshaanza kufa. Kwa hiyo mkono utangulie, macho yafuate.

Kila mnapomgeuza mzee au kumbadilisha daipa, pitisha mgongo wa vidole mahali mfupa ulipo karibu na ngozi: kifandugu (mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo), nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, kisogo, na nyuma ya masikio kwa anayevaa mpira wa oksijeni. Linganisha na ngozi ya jirani. Pana joto zaidi, au baridi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kupita kawaida? Pameingia zambarau? Anakunja uso ukipagusa? Ukipata jibu la ndiyo hata kwa moja, asilalie hapo tena mpaka parudi sawa, na nesi aambiwe saa hiyo hiyo. Msipasugue. Kukanda sehemu iliyoanza kuumia huzidi kuichana nyama ndani, na spiriti hukausha ngozi ikapasuka.

Mfupa unapobana nyama dhidi ya godoro, damu haipiti. Mara nyingi uharibifu mkubwa huwa huko chini karibu na mfupa, ndiyo maana kidonda chenye mdomo mdogo huweza kuwa na shimo kubwa.

Kugeuza kila baada ya saa mbili ni kanuni nzuri ya kuanzia. Mzee mwenye godoro zito la sponji na ngozi inayobaki salama anaweza kuachwa kwa muda wa saa nne wakati wa usiku bila kugeuzwa. Aliyekonda sana, hapana. Lakini saa peke yake haitoshi, namna ya kumlaza ndiyo huharibika. Msimlaze ubavu kabisa, maana uzito wote huangukia nyonga. Mwinamisheni nyuzi 30 tu, mto ukiwa nyuma yake kuanzia begani hadi kiunoni. Kisha ingiza kiganja chini ya kifandugu: kikipita bila kubanwa, mmepatia. Mto wa pili kati ya magoti. Wa tatu chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie hewani kiasi cha karatasi kupita chini yake.

Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30, isipokuwa wakati wa kula na kama nusu saa baadaye. Akikaa juu sana huteleza: ngozi inashikwa na shuka huku mfupa ukishuka, na mishipa ya damu inavutwa katikati. Kabla ya kuinua kichwa, inueni kwanza sehemu ya magoti. Kumrudisha juu ni kazi ya watu wawili na shuka iliyokunjwa kingo, anainuliwa, haburutwi. Na aambiwe kwanza: "Shosho, sasa tunakugeuza upande wa dirisha." Mzee aliyeshtuka hukaza mwili, na hapo ndipo mnapomchubua.

Kiti nacho husahaulika. Mzee anatolewa kuota jua baada ya chai, anasahaulika hapo hadi chakula cha mchana, na kwenye daftari inaandikwa kwamba hakulala kitandani asubuhi nzima. Akiwa ameketi, uzito mwingi hubebwa na mifupa miwili ya makalio. Aegemezwe mbele au pembeni kila dakika 15 hadi 30, na asizidishe saa mbili. Msimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu; hubana damu pande zote za tundu lenyewe. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino pia hazisaidii.

Godoro la hewa husaidia likitunzwa. Ingiza mkono chini yake, mahali makalio yalipo. Ukihisi mfupa, hewa haitoshi. Tandika shuka moja. Nailoni, leso iliyokunjwa na blanketi huondoa faida yake yote. Stima ikipotea, pampu inazima na godoro linalegea, kwa hiyo zamu ya usiku iwe na sponji ya akiba na ratiba ya kugeuza. Julai, baridi ikikaza, msiweke chupa ya maji moto kwenye miguu iliyokufa ganzi.

Daipa ikaguliwe kila mnapogeuza. Safisha kwa maji vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, kisha paka krimu ya zinki kidogo. Daipa mbili kwa pamoja hufungia unyevu na joto.

Chakula pia. Mzee wa kilo 50 aliye hatarini huhitaji protini gramu 63 hadi 75 kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya figo. Yai lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8. Uji mtupu mara tatu haufiki popote. Utieni maziwa na unga wa njugu, na mchana apate ndengu, omena au nyama iliyosagwa.

Ngozi ikishafunguka, osheni kwa maji ya chumvi ya duka la dawa, si spiriti wala haidrojeni peroksaidi. Usaha, harufu, homa au mfupa kuonekana: hospitali siku hiyo hiyo.