Msuli hewa

Mwaka wa kwanza chuo nilipata sapu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani, ya Maikro, lile somo la uchumi, na kusema ukweli sikuelewa ile sapu imetokea wapi maana mimi nilikuwa nasoma jamani. Rumeti wangu saa 4 usiku keshavuta shuka, mimi ndo kwanza naondoka na chupa ya chai, narudi adhana ya alfajiri inalia. Pale Mkolani, Mwanza, tulipopanga walishanibatiza jina, Msuli, maana kusoma kwa nguvu usiku ndo tunaita kupiga msuli. Matokeo yanatoka, rumeti ana B+, Msuli ana sapu. Dah.

Nilikuja kujua tatizo siku umeme ulipokatika. Ilikuwa Agosti, najiandaa na hiyo hiyo sapu, madesa, yaani notsi za lekcha, ya kopi nimeyaacha geto, mengine yako kwenye simu na simu imezima. Nikawasha mshumaa nikachukua kaunta buku, nikasema basi ngoja niandike ninachokumbuka kuhusu elastisiti, ile mada ya bei ikibadilika wateja wanabadilika kiasi gani, nisipoteze usiku. Slaidi 42 nilizopitia mara tano sita hivi, nimepaka njano mpaka karatasi zinang'aa kama kanzu ya harusi, nikaandika mistari minne. Wa tano nikaufuta. Nilikaa nauangalia ule mshumaa nikasema kumbe nilikuwa napiga msuli hewa, kama wale wafanyakazi hewa, jina liko kwenye daftari la mshahara ila mtu hayupo.

Ukisoma desa mara ya tatu linakuwa rahisi, macho yanateleza tu, unajiambia hii naijua. Hujui, umeizoea tu, kama sura ya konda wa ruti yenu, unamuona kila siku ila jina lake hulijui. Baadaye mwaka wa tatu nikakutana na utafiti wa Roediger na Karpicke wa Marekani, 2006, waliwapa wanafunzi kifungu, wengine wakarudia kukisoma, wengine wakafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikuwa juu. Baada ya wiki moja kibao kikageuka, waliojipima wenyewe wakawaacha mbali. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, mimi ndo yule wa dakika 5! Na mambo ya kusahau haraka si mapya wala nini, Mjerumani Ebbinghaus alishayaandika 1885, alikuwa anajikaririsha silabi zisizo na maana halafu anapima zimebaki ngapi.

Sasa sapu yenyewe. Likizo ile nilikuwa kwa mamdogo Kirumba, anauza dagaa, asubuhi namsaidia kuanika. Siku moja akaniuliza hicho ulichofelia ni kitu gani, nikaanza kumwaga maneno ya kwenye slaidi, akanikata, "Wewe, ongea kama unaongea na mimi." Nikaanza upya. Nikamwambia mamdogo, mbalamwezi ikiwa kali si wavuvi hawaendi ziwani kwa sababu taa zao hazivuti dagaa, dagaa wanaadimika, bei inapanda? Akasema ndio. Nikasema basi swali ni je, wateja wanapungua sana au kidogo. Akaniangalia kama mtoto wa chekechea, akasema inategemea na maharage bei gani, maharage yakiwa rahisi wananikimbia wote, yakipanda na yenyewe wanarudi hapa hapa wananuna. Yan mada nzima ya bidhaa mbadala na elastisiti kaimaliza huku anafukuza kunguru! Na mimi pale nilipokwama kumweleza ndo hapo hapo nilipokuwa sijui, nikawa narudi kusoma hicho kipande tu, sio desa zima.

Toka hapo nilibadilisha. Nikitoka lekcha, kabla sijala, nafunga kila kitu naandika nilichobaki nacho kichwani, hata kama ni upuuzi. Kushoto mwa ukurasa naacha nafasi ya maswali, siku mbili mbele nafunika kulia najibu, halafu wiki ijayo tena. Inauma, siwadanganyi, unajiona mjinga kila siku, ndo maana watu wengi tunapenda haileta, ile kalamu ya kupaka njano, kuliko maswali. Past pepa pia nilianza kuzifanya mwanzoni mwa semista badala ya kuzisubiri wiki ya mwisho. Na diskasheni nilibakiza watu watatu tu, zile za watu kumi na mbili zinaishiaga kwenye Simba na Yanga.

Sekondari mwalimu anakusukuma, anajua mada ipi hujaisoma. Chuo lekcha anaongea masaa mawili anabeba laptopu yake anaondoka, nani atakuuliza? Usipojiuliza mwenyewe utaulizwa kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista.

Sapu nilipata C, maana sapu hata ujibu kama profesa unapewa C tu. Yale madesa ya njano niliyoyatoa kopi kwa hela ya bumu, ule mkopo wa wanafunzi, mamdogo aliyaomba, akafungia karanga. Mteja mmoja alirudi kuuliza kama kuna ukurasa wa pili.