Mkono wa mpimaji

Msimu wa karafuu huku kwetu Pemba una harufu yake na una dhambi zake. Jioni wachumaji wanarudi na mapolo, wanakaa kwenye majamvi kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kisha wanajipanga mbele ya mpimaji, maana malipo ni kwa pishi, kile kipimo cha kujaza. Mpimaji wa shamba moja la jirani nimemtazama kwa karibu. Anajaza, anatikisa, anakandamiza kwa kiganja, anajaza tena mpaka kilele kinaporomoka pembeni. Kinachoporomoka hakirudi kwa mchumaji, kinakwenda kwenye lundo la mwenye shamba. Juzi mama mmoja, vidole vimeshikana kwa utomvu, alimwambia, "Kaka, hiyo si pishi, hiyo pishi na kibaba." Naye bila kuinua uso: "Mkono ushazoea, mama. Na mie nimetumwa tu."

Nimelala na jibu hilo. Mkono ushazoea! Kana kwamba mkono ulikuja shambani peke yake, yeye kausindikiza.

Lakini wapo waliolichunguza jambo hili kwa makini. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walimkalisha mtu mezani, wakamfichia mkono wake nyuma ya kiambaza, wakamwekea mbele ya macho mkono wa mpira. Wakaipapasa mikono yote miwili kwa brashi ndogo, wakati mmoja, mahali pale pale. Baada ya muda mtu akahisi brashi inamgusa kwenye mpira, na mpira ule ndio mkono wake. Basi ile hisia ya "huu wangu" haikushonwa kwa uzi mgumu kama tunavyodhani. Inahamishika.

Na la kutumwa nalo limepimwa. Mwaka 2016 Emilie Caspar, Patrick Haggard na wenzao walichapisha majaribio ambamo mtu alibonyeza kitufe akamuumiza mwenzake kidogo kwa umeme, au akampunguzia pesa. Mara kwa hiari yake, mara kwa kuamrishwa. Baada ya kubonyeza ilisikika mlio. Walioamrishwa waliuona muda baina ya kidole na mlio kuwa mrefu zaidi, kama vile tendo limekaa mbali nao. Kwa hiyo mpimaji wetu huenda hasemi uongo. Huenda kweli hauhisi mkono wake.

Hilo halimpunguzii deni kwa yule mama, ati.

Sisi huku tuna mizani ya zamani ya mambo haya. Mtu akipanda pepo akatukana wakubwa, watu humstahi: si yeye, yeye ni kiti tu, aliyekaa ni mwingine. Mpimaji hakupanda pepo. Na chuoni, kwenye Kurani, tulisomeshwa kwamba mwili ni amana, na katika sura ya Yasin imo ile siku vinywa vitakapozibwa, mikono iseme, miguu ishuhudie. Nilipokuwa mdogo aya hiyo ilinitisha kuliko moto. Mkono wangu mwenyewe, shahidi dhidi yangu! Leo naona ajabu nyingine: usichokimiliki ndicho unachotakiwa kukichunga zaidi, kwa kuwa mwenyewe atakiuliza. Sasa mpimaji huyu safu ya mbele msikitini haimkosi, na Yasin anaihifadhi kunishinda. Anajua yote. Kujua kwake hakushuki hadi kwenye kiganja.

Labda kinachokosekana ni kuuhisi mkono wa mwenziwe. Mwaka 2013 Lara Maister, Manos Tsakiris na wenzao Uingereza waliurudia mchezo wa mkono wa mpira kwa watu weupe, lakini safari hii mkono ulikuwa mweusi. Kadiri mtu alivyouhisi ule mkono kuwa wake, ndivyo ule upendeleo wa ndani dhidi ya weusi, ambao mtu mwenyewe hautamki, ulivyopungua. Watu hawakuhubiriwa. Walipapaswa tu kwa brashi.

Nikamwambia kaka yangu kwamba ningekuwa na shamba, mpimaji angepanda mkarafuu asubuhi na wenzake, ashike matawi yale mepesi kukatika, vidole vimgande, ndipo jioni ashike pishi. Kaka akacheka mpaka kofia ikamtoka.

"Atapanda," akasema, "atachuma vizuri tu. Na jioni atajipimia ya mfuto, wenzake ya kilele."