Kumbukumbu ya mradi: nyundo, jiofoni 12 na udongo wa Kasese

Wiki ya 3. Hapa Kasese, magharibi mwa Uganda, tunagonga ardhi kwa nyundo na kupima muda ambao wimbi la mtikisiko huchukua kufika kwenye jiofoni (vihisi vya mtikisiko), ili kujua matabaka ya udongo. Mstari wa vipimo umehamishwa kutoka barabara ya moramu hadi ukingo wa kinamasi cha mafunjo. Kule juu namba zilikuwa zinadanganya. Moramu iliyoshindiliwa ni ngumu kuliko mfinyanzi ulio chini yake, na mbinu hii hulitambua tabaka la chini pale tu linapopitisha wimbi kwa kasi kuliko la juu. Ukipima juu ya moramu, mfinyanzi hauonekani kabisa.

Vifaa ni vilevile: jiofoni 12 za hezi 4.5 zikiachana mita 2, nyundo ya kilo 8, bamba la chuma, na swichi ya kuanzisha saa, iliyofungwa kwa utepe kwenye mpini. Jiofoni ichimbiwe kama sentimita 10, mpaka udongo ulioshikana. Ukiichomeka kwenye majani hutikisika yenyewe na mchoro huota mkia. Tunapiga mara 9 palepale na kujumlisha, kelele hupungua mara 3 ikilinganishwa na wimbi. Kazi huanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya bodaboda na upepo. (Mstari wa grafu ya muda na umbali usipopita kwenye sifuri, kagua waya wa swichi kwanza. Hukatikia mpinini.)

Wimbi la P (la mbano, hufika kwanza): jiofoni za karibu zilipishana milisekunde 5 kila mita 2, yaani mita 400 kwa sekunde. Kuanzia mita 10 kutoka kwenye bamba, grafu ikalala: mita 1,500 kwa sekunde. Usishangilie mwamba. Hiyo ni kasi ya sauti majini, maana yake udongo umeshiba maji. Kwa kasi hizi mbili, umbali ambapo grafu inapinda (mita 10) hugawanywa kwa 2.63, hivyo maji yako mita 3.8 chini. Kamba ya kisima cha jirani ilisoma mita 3.6.

Wimbi la S (hutikisa udongo pembeni) halidanganywi na maji, kwani maji hayana ukakamavu wa kukatwa, yaani hayapingi kusukumwa pembeni. Hapa jiofoni ni za mlalo, zinazohisi mtikisiko wa pembeni. Ubao wa mita 2 hulaliwa na magurudumu ya mbele ya pikapu, ukagongwa ncha moja, kisha ya pili. S hugeuka juu chini, P haigeuki. Michoro miwili inapoachana ndipo S imefika. Jaribio la kwanza halikutoa kitu, ubao uliteleza juu ya nyasi. Baada ya kuparua nyasi: mita 160 kwa sekunde.

Udongo huo ukiwa na kina cha mita 10, tetemeko likija utacheza kwa hezi 160 ÷ (4 × 10), yaani 4, karibu sawa na nyumba ya sakafu 2 au 3, hivyo nyumba kama hizo zitatikiswa zaidi. Ukanda huu wa Rwenzori ulitikiswa vibaya na tetemeko 20 Machi 1966, na tena 5 Februari 1994.

Ila hiyo mita 10 ni makisio. Mstari wa mita 22 huona kama mita 5 tu. Wiki ijayo nafasi zitakuwa mita 4, na nyundo itasogezwa mita 20 nje ya mstari.