Sabufa ya inchi 12 niliyoiunda mwenyewe hapa Makorora, Tanga

Jamani sabufa, yaani spika ya besi, imekamilika! Boksi nimeliunda kwa plaiwudi ya milimita 18, maana ile nyembamba inatetemeka yenyewe na kuharibu mdundo, ndani nikakaza kwa mbao, gundi kila kiungo. Siku ya kwanza nawasha nasikia fyuuu kona ya nyuma, nikapitisha kiganja taratibu mpaka nikahisi upepo, katundu kama ka sindano tu, nikaziba na silikoni, kimya.

Halafu pa kuiweka ndo mpango mzima. Watu wanakimbilia wati, wakati ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti), ongezeko dogo, ila ukiisogeza konani ukutani besi inajaa bure. Wimbi la besi la hezi 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) lina urefu wa mita 11 na ushee, sebule yangu haifiki hata nusu. Mawimbi ya besi yanagonga kuta na kurudi, yakikutana pengine yanafutana, pengine yanaongezana, ndo maana ukikaa sehemu fulani husikii kitu, ukisogea kidogo kifua kinatikisika.

Jana nikapiga taarab za zamani za kundi la Black Star la hapahapa Tanga, gita la besi likatembea mpaka vikombe kabatini vikagongana, mama akatoka jikoni akakaa kabisa kusikiliza. Saa 3 usiku nikazima, jirani ana kichanga.