Mbele ya kununua papye-pe, angalia ukuta

Siku hizi batu mingi banabandika papye-pe mu saloni, zile karatasi za maua ao zenye kufanana na matofali, na karibu bote banaanziaka ku duka: banaona desen, inabafurahisha, banalipa, kisha njo banarudia nyumbani kutafuta fasi ya kuiweka. Mu nyumba ya zamani ya huku Bukavu, mashariki ya Kongo, zile za matofali ya kuchoma zenye zilijengwaka wakati muji ungali unaitwa Costermansville, ile njia inaharibu franga bure. Ukuta njo inachagua karatasi. Nasema hivi kwa nguvu juu tunatoka kumaliza saloni ya kwetu Nguba, na sehemu kubwa ya kazi haikukuwa ya kubandika hata kidogo.

Nyumba yetu babu aliinunua miaka ya 60, akaachia baba, na sasa mama njo anaikala pamoja na sisi tulibakia. Kuta ni nene, plafo iko juu sana, mita 3 na santimeta 20, na kuko shemine juu huku tuko karibu mita 1500 juu ya bahari na baridi ya usiku mu mwezi wa saba si ya kucheza nayo. Ku ukuta ya shemine baba alipakaka rangi ya mafuta ya buluu, ya kungara. Chini yake kulikuwa krem, na chini ya krem chokaa ya kijani yenye hata mama hakuikuta wakati aliolewa. Na kulikuwa ufa. Batu ba Bukavu benye walikuwa hapa banakumbuka tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, vile ardhi ilitikisika. Ufa yetu ilitokea siku ile, kuanzia kona ya dirisha kupanda ya mushazari mpaka ku plafo. Baba aliijaza sima, akapaka rangi juu, kisha miaka kidogo ikaonekana tena fasi ile ile.

Ufa si ya kukimbilia kuziba. Cha kwanza ni kujua kama ingali inatembea. Tulichora kistari ya kalamu ku misho yake mbili, tukaandika tarehe pembeni, tukaacha musimu ya mvua yote ipite, maana mvua njo inasukuma udongo ya hizi milima yetu. Kama ufa inapita kile kistari, sahau papye-pe, itapasuka siku moja nayo, na pesa yako peleka kwanza ku msingi. Kuko fasi sawa Funu, kule Kadutu, komine ya muji yetu, ardhi yenyewe inateremuka polepole na nyumba zinateremuka nayo, kule karatasi haiwezi kusaidia kitu. Ya kwetu haikusonga. Sasa njo fundi akaifungua na kisu kwa umbo ya V, akatosha mavumbi, akalowesha na maji, akajaza na chokaa na muchanga laini. Si sima. Tofali ya zamani ni laini na inavuta maji, chokaa inaiacha ipumue, lakini sima inakuwa ngumu kuipita na inaachana nayo ku pembeni, njo maana ile ya baba ilirudia kufunguka. Juu yake akaweka bande ya wavu, kisha anduyi nyembamba, ile ya kulainisha ukuta, kisha msasa.

Shida kubwa lakini ilikuwa chini. Karibu na plinte rangi ilikuwa inavimba na kuanguka, nyuma yake unga nyeupe sawa chumvi, na kwa kweli ni chumvi, maji inapanda mu tofali, inafika ku uso ya ukuta, inakauka na kuiacha pale. Papa fundi akamuambia mama, "Mama, tubandike ile ya plastiki, itafunika bintu byote, hautaona tena." Ile ya plastiki ni ile yenye kole nyuma, rulo ya santimeta 45 kwa mita 10, iko mu kila kenkayeri ya muji, bei yake ni nzuri na inabandikwa haraka, nami naelewa juu ya nini mafundi banaipenda. Ku mulango ya kabati, ku ukuta kavu ya ndani, sina neno nayo. Lakini ku ukuta yenye maji? Plastiki haipumue. Maji inabakia nyuma, haina kwa kutokea, inaota ukungu mweusi, na mama anakohoaka kila musimu ya mvua, siwezi kumulalisha karibu na kitu ya vile. Nilimuambia fundi kwa heshima yake yote, papa, kufunika si kukausha, na kwa hiyo sikulegea.

Kuko kipimo moja rahisi, kila mutu anaweza kuifanya: kata kipande ya plastiki ya wazi, ibandike ku ukuta na skoch pande zote ine, ngoja siku mbili tatu. Kama maji inaonekana upande ya ukuta, inatoka mu ukuta. Kama inaonekana upande ya chumba, ni mvuke ya ndani, ya kupika, ya kulala batu mingi madirisha yamefungwa. Ya kwetu ilikuwa upande ya ukuta. Tukatoka inje kuangalia, tukakuta gutiere imetoboka, maji yote ya bati inaanguka ku muguu ya ukuta, na tena udongo ya ile maua ya babu imepanda mpaka kupita sakafu ya ndani. Kubadirisha gutiere, kushusha udongo, kutosha ile rangi ya mafuta ya chini yenye ilikuwa inafungia maji, njo ile ilikausha ukuta, na jua ya kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Mutu mwenye anataka kubandika mwezi wa kumi na moja mimi namuomba angoje.

Jambo ingine, tafazali, juu ya batoto: rangi za zamani za mafuta mingi zilikuwa na risasi ndani, ile chuma nzito yenye sumu, inaharibu akili ya mutoto mudogo. Usipige msasa kavu ukajaza nyumba mavumbi. Lowesha ukuta, piga msasa na maji, pangusa, ile maji chafu usiimwange mu bustani ya lengalenga, na batoto balale kwa mama mukubwa mpaka kazi iishe.

Sasa desen. Hapa famii yote iliamka mu grupu ya WhatsApp. Kaka yetu mukubwa wa Kinshasa alitaka matofali ya kijivu, ya kisasa. Mama alitaka majani ya kijani. Yaya wa Bruxelles akaandika ati karatasi ya kijani inaua batu, na hakudanganya, lakini ile ni mambo ya zamani za Ulaya: mwaka 1775 mukemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alitengeneza kijani moja muzuri sana yenye arseniki ndani, na miaka ya 1800 batu balipaka nayo karatasi za ukuta, na mu nyumba zenye unyevu ukungu ulikuwa unaitosha ile sumu mu hewa. Kijani ya leo haitengenezwe vile. Mama alitulia, na mimi nilikuwa upande yake tangu mwanzo, juu nyumba yenye iko na shemine na madirisha ya mbao, kuiwekea matofali ya uongo juu ya matofali yake ya kweli, hapana.

Tuliomba bipande vidogo vya mufano, tukavibandika na skoch ku ukuta, tukaviangalia asubui jua inaingia, saa kumi na mbili ya mangaribi, na usiku na taa ya solar wakati umeme umekatika, maana huku kwetu nusu ya maisha ya saloni ni ile mwangaza. Moja yenye ilikuwa nzuri sana ku duka, usiku ilikuwa sawa matope. Ile ya mama ilibakia hai saa zote. Tena tulichukua ya entise, ile karatasi yenye imechanganywa na nyuzi, juu inapitisha mvuke, haivimbe ikipata kole, na siku utaichoka unaivuta kavu kutoka juu mpaka chini bila kuharibu krepisaji. Mu nyumba ya famii lazima kufikiria pia ule mwenye atakuja kuibandua.

Hesabu ya rulo njo inadanganya batu mingi. Rulo ya kawaida ni santimeta 53 kwa mita 10 na santimeta 5, karibu mita karé 5. Ukuta yetu ni mita 5 kwa 3,20, mita karé 16, basi muuzaji anakuambia rulo tatu. Hapana! Mita 5 ukigawa na 0,53 ni bande 10. Kila bande mita 3,20 na santimeta 10 za kukata juu na chini, 3,30. Karatasi ya rangi moja, rulo inatosha bande tatu, unahitaji rulo 4. Lakini desen yetu inajirudilia kila santimeta 64, na majani lazima yakutane na majani, basi kila bande inakula mara sita ya 64, ni mita 3,84, na rulo inatosha paka bande mbili. Rulo 5. Na rulo zote zibebe numero moja ya lo ku etiketi, ni kusema zilichapwa pamoja, juu ukirudia kununua ya tano nyuma ya mwezi moja, kijani yake inaweza kuwa ingine kidogo, na ile kidogo inaonekana kila siku.

Kubandika yenyewe ilienda haraka. Kole, fundi alipendekeza ya unga ya muhogo, yenye tulibandikaka nayo makartasi batoto, na inashika kweli, lakini ukungu na mende banaipenda, tukachukua ile ya unga ya selulozi. Kwa entise unapaka kole ku ukuta, si ku karatasi. Tulianza katikati, juu ya shemine, ili desen ikae sawa pande mbili, na ile bande ya kwanza tuliifwatisha kamba yenye kufungwa jiwe, si kona ya ukuta, juu hakuna kona moja ya ile nyumba yenye iko wima. Brosi kutoka katikati kwenda pembeni, kateri ya meno mupya kila bande. Umeme ilizimwa ku konteri mbele ya kugusa prizi. Kisha madirisha tukafunga mpaka ikauke polepole, juu upepo ya ziwa Kivu inafungua fasi bande zinakutana.

Ukuta zingine tatu tulizipaka nyeupe ya kawaida, majani yanatosha ku moja. Mama anaomba sasa chumba yake ya nyuma, ile yenye inaangalia mulima, lakini kipimo ya plastiki ya kule ingali inatoa maji, basi mwaka huu itapata mufereji inje na chokaa ndani, na bipande vyenye vilibakia ku rulo nimeviweka juu ya kabati pamoja na etiketi yake, kama mujukuu atakwangua kitu ku saloni.